Uchunguzi wa Hitilafu za Umeme katika Kiyoyozi cha Gari la Zamani: Mfano wa Mercedes-Benz W123

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuchunguza hitilafu za umeme katika kiyoyozi cha gari la zamani, kwa kutumia mfano wa Mercedes-Benz W123. Hoja inayojengwa ni kwamba kuwapo kwa volti katika waya si ushahidi kwamba waya huo unaweza kubeba mkondo unaohitajika. Kipimo kinachofanywa pasipo mzigo humwongoza fundi kuilaumu kompresa au kufungua mfumo wa gesi bila sababu, ilhali tatizo limo katika kiungio kilichochakaa. Makala yanaeleza aina tatu za hitilafu, yanakokotoa athari ya joto katika koili ya klachi, na yanajadili mipaka ya kuzipita swichi za ulinzi wakati wa uchunguzi.

Utangulizi

Mercedes-Benz W123 iliundwa kati ya mwaka 1976 na 1986, na takriban magari milioni 2.7 yalitoka kiwandani. Gari hili lilijipatia sifa ya uimara, hususani matoleo ya dizeli ambayo yalitumika kama teksi katika nchi nyingi, kuanzia Ujerumani yenyewe hadi Moroko. Injini na gia zake zimeweza kuvuka miongo minne. Waya zake, kwa upande mwingine, hazikuwahi kusifiwa kwa namna hiyo, na kiyoyozi ndicho kifaa kinachoudhihirisha uchakavu wake mapema, kwa kuwa kinadai mkondo mkubwa kupitia viungio vingi vinavyokaa karibu na joto la injini.

W123 inafaa kwa uchunguzi wa aina hii kwa sababu mantiki ya saketi yake ingali inaonekana kwa macho. Katika matoleo yenye udhibiti wa kawaida, uamuzi wa kuwasha au kuzima kompresa hufanywa na swichi zilizofuatana katika mstari mmoja. Yoyote ikifunguka, kompresa husimama. Matoleo yenye udhibiti wa joto unaojiendesha yana kisanduku cha kielektroniki kabla ya mstari huo, lakini mwisho wa safari ni uleule: waya mmoja unaopeleka umeme katika koili ya klachi, na mwingine unaourudisha.

Kuna sababu nyingine inayoufanya mpangilio wa uchunguzi uwe na uzito. Magari haya yaliundwa yakitumia gesi ya R12, mojawapo ya gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ilianzisha kuondolewa kwa gesi hizo; nchi zilizoendelea zilisitisha uzalishaji wake kufikia mwaka 1996 na nchi zinazoendelea, zikiwamo za Afrika Mashariki, zilipewa ukomo wa mwaka 2010. Kwa hiyo, gari ambalo bado lina R12 yake ya asili limebeba kitu ambacho kikishatolewa hakirudishiki kwa urahisi, na ambacho kikiachiwa hewani kina madhara. Umeme unaweza kupimwa wote, kuanzia fyuzi hadi koili, bila kufungua nati hata moja ya bomba la gesi. Fundi anayeanza na gesi ameanza upande usiorudi nyuma.

Aina tatu za hitilafu na upungufu wa neno moja

Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili, neno “shoti” hubeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Gari lisilowaka taa lina shoti. Fyuzi iliyoungua imesababishwa na shoti. Feni inayozunguka kwa kusuasua nayo huambiwa ina shoti. Kiufundi, shoti ni hali moja tu: umeme umepata njia ya mkato kwenda upande wa hasi kabla ya kufika kwenye kifaa, mkondo ukapanda ghafla, na fyuzi ikakatika. Hali ya pili ni mkatiko, yaani njia imekatika kabisa na mkondo haupiti. Hizi mbili hazimsumbui sana fundi mwenye uzoefu, kwa kuwa kila moja hutoa ishara iliyo wazi.

Hali ya tatu haina jina lililozoeleka, na huenda ndiyo sababu inakosewa mara kwa mara. Njia ipo, haijakatika, lakini imebanwa. Kutu katika kiungio, nyuzi za waya zilizokatika nusu ndani ya ganda lake, au mguso uliolegea katika kishikizo cha fyuzi huongeza ukinzani mdogo, pengine omu moja tu. Ukinzani huo hauzuii volti kuonekana kwenye kipimo, ila huzuia mkondo kufika kwa kiasi kinachotakiwa. Makala haya yanaiita hali hiyo ukinzani wa ziada.

Tofauti kati ya hali ya pili na ya tatu inaeleweka vizuri zaidi kwa kuangalia kipimo chenyewe. Maltimita ya kidijiti kwa kawaida ina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10. Fundi akichomoa plagi ya klachi na kuweka maltimita kwenye waya, mkondo unaopita ni mdogo mno kiasi kwamba hata kiungio kibovu chenye ukinzani wa omu 1,000 hakitapunguza chochote kinachoonekana. Maltimita itaonesha volti 12 kamili. Fundi atahitimisha kwamba umeme upo, hivyo koili imekufa, hivyo kompresa ibadilishwe. Kila hatua ya hoja hiyo inafuata ile iliyotangulia. Kosa limo katika kipimo cha kwanza, kilichofanywa bila mzigo.

Taa ya kupimia ina nafuu kidogo. Balbu ya wati 5 huvuta takriban ampea 0.4. Ikikutana na ukinzani wa ziada wa omu moja, itapoteza kama volti 0.4, na jicho haliwezi kutambua tofauti hiyo ya mwanga. Balbu ya wati 21, ya aina inayotumika katika taa za kugeuzia, huvuta karibu ampea 1.75 na inakaribia zaidi hali halisi. Hata hivyo, mzigo ulio bora kuliko yote ni klachi yenyewe, ikiwa imeunganishwa na kuagizwa kufanya kazi.

Njia ya umeme hadi kwenye klachi

Umeme wa kiyoyozi hutoka betri na altaneta, hupita swichi ya kuwashia gari, kisha fyuzi, kisha vitufe vya dashibodi. Kutoka hapo hupitia swichi ya joto la evapareta, ambayo kazi yake ni kukata mkondo joto linapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi ili barafu isijijenge na kuziba njia ya hewa. Hufuata swichi ya mgandamizo iliyopo kwenye kikaushi cha gesi, inayokata mkondo endapo mgandamizo umeshuka mno. Mwisho ni koili ya klachi. Mpangilio halisi na rangi za waya hutofautiana kulingana na mwaka na soko ambalo gari liliundiwa, hivyo mchoro wa toleo husika hauna mbadala.

Mengi ya magari haya yenye kiyoyozi yana kompresa ya R4 ya General Motors, yenye pistoni nne. Puli yake huzunguka muda wote injini inapofanya kazi; koili inapopata umeme hugeuka sumaku na kuivuta sahani ya klachi igusane na puli, ndipo pistoni zinapoanza kusukuma gesi. Mlio wa “tak” unaosikika kiyoyozi kinapowashwa ni sahani hiyo.

Kishikizo cha fyuzi kinastahili kutazamwa kabla ya kitu kingine. Fyuzi za W123 ni za umbo la risasi, zenye ncha mbili za koni, na ukanda wa metali unaopita nje ya mwili wake. Nyeupe ni ya ampea 8 na nyekundu ni ya ampea 16. Fyuzi zenye ukanda wa alumini hujijengea utando wa oksidi mahali ncha inapogusana na kishikizo, na kwa kuwa ukanda wenyewe haujakatika, fyuzi huonekana nzima. Kuizungusha kwa kidole huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa ni kipimo cha sekunde tano: klachi ikinguruma au kushika ghafla, chanzo kimejulikana. Fyuzi za shaba huvumilia zaidi. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako hewa ina chumvi na unyevu, hakuna sababu ya kubakiza zile za alumini.

Kupima upotevu wa volti

Kanuni ya kipimo ni rahisi. Injini ikiwa inaunguruma, kiyoyozi kimewashwa na plagi ya klachi imeunganishwa, nchi moja ya maltimita huwekwa kwenye ncha chanya ya betri na ya pili kwenye waya unaoingia katika koili. Maltimita haisomi tena volti zilizopo. Inasoma volti zilizopotea njiani. Katika upande wa kupeleka, upotevu usiozidi nusu volti huchukuliwa kuwa wa kawaida kwa saketi yenye swichi kadhaa. Kipimo hurudiwa kati ya ncha hasi ya betri na waya wa koili unaorudisha umeme, ambako upotevu unatarajiwa usizidi volti 0.2.

Upande huu wa pili husahaulika kwa sababu waya wake ni mfupi na hauna swichi. Lakini umeme wa kompresa hurudi betri kupitia chuma cha injini na bodi, na mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi ni wa umri uleule wa gari. Ukichakaa, dalili hutawanyika: klachi hulegea, taa hufifia, na geji za dashibodi husogea kiyoyozi kinapowashwa. Geji inayosogea pamoja na klachi ni ushahidi wa kutosha wa kuuchunguza upande wa hasi kabla ya mwingine wowote.

Iwapo upotevu ni mkubwa, nchi ya pili ya maltimita hurudishwa nyuma hatua kwa hatua: kabla ya swichi ya mgandamizo, kabla ya swichi ya evapareta, baada ya fyuzi, kabla ya fyuzi. Mahali ambapo usomaji unaruka kutoka volti 2.5 kwenda 0.3 ndipo palipo na kizuizi, kati ya pointi hizo mbili. Hakuna sehemu inayobadilishwa kwa kubahatisha.

Kwa nini klachi hukataa baada ya nusu saa

Malalamiko ya kawaida ya wenye magari haya ni kwamba kiyoyozi hufanya kazi asubuhi, kisha hukata katika foleni ya mchana, na gari likipelekwa kwa fundi baada ya kupoa halioneshi tatizo lolote. Mwenye gari huonekana kama anasingizia. Hesabu fupi inaonesha kwamba hasingizii.

Tuseme koili ina ukinzani wa omu 3.6 katika nyuzi 20, na altaneta inatoa volti 13.5. Mkondo ni ampea 3.75. Kiungio kibovu kikiongeza omu moja, jumla huwa omu 4.6 na mkondo hushuka hadi ampea 2.93, koili inapata volti 10.6 tu, na klachi bado inashika. Lakini shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili ikifika nyuzi 100, jambo la kawaida chini ya boneti katika msongamano, ukinzani wake unakuwa karibu omu 4.7. Bila kiungio kibovu mkondo ungekuwa ampea 2.86, pamoja nacho ni ampea 2.36.

Nguvu ya sumaku haishuki kwa uwiano huohuo. Inakaribia kufuata mraba wa mkondo. Koili yenye joto na waya wazima hubaki na takriban asilimia 58 ya nguvu iliyokuwa nayo ikiwa baridi, na muundo wake unatarajiwa kumudu hali hiyo. Koili hiyohiyo ikiwa na kiungio kibovu hubaki na chini ya asilimia 40. Hapo ndipo sahani inapokataa kuvutwa.

Nafasi kati ya sahani na puli nayo huingia katika hesabu. Sahani inavyolika, nafasi hupanuka, na nguvu ya mvuto hupungua kwa takriban mraba wa umbali. Nafasi ikitoka milimita 0.5 na kuwa 0.8, mvuto wa kuanzia hushuka hadi asilimia 39 ya ule wa awali. Hitilafu hii si ya umeme, lakini huvaa sura ya umeme, na huongezeka juu ya upungufu uliokwisha kuelezwa.

Kuna dalili moja inayosaidia sana hapa. Klachi ikishashika, nafasi huwa imefungwa na mkondo mdogo hutosha kuishikilia. Kwa hiyo, mfumo wenye ukinzani wa ziada au nafasi iliyopanuka huendelea kupoza vizuri hadi swichi ya evapareta inapokata mkondo kwa mara ya kwanza katika mzunguko wake wa kawaida. Baada ya hapo klachi hairudi. Mfumo ulioishiwa gesi haufanyi hivyo, bali hukata na kushika haraka haraka kadiri mgandamizo unavyopanda na kushuka. Kwa kusikiliza tu mlio wa klachi, fundi anaweza kuzitenganisha hali hizi mbili kabla ya kuchukua kifaa chochote.

Uthibitisho hufanywa injini ikiwa imezimwa lakini bado ina joto, swichi ya gari ikiwa imewashwa na kiyoyozi kimeagizwa. Sahani husukumwa taratibu kwa kijiti cha mbao. Ikinasa na kubaki imenasa, koili ni nzima. Kinachopungua ni volti au ni nafasi iliyopanuka, na kipimo cha upotevu wa volti kitaamua kati ya hayo mawili. Kipimo hiki hakifanywi injini ikiwa inaunguruma.

Ukinzani wa ziada una hatari inayozidi usumbufu. Katika mfano uliotolewa, kiungio chenye omu moja kinachopitisha ampea 2.93 hutoa joto la takriban wati 8.6 katika eneo dogo kuliko ncha ya kidole. Plagi ya plastiki iliyogeuka kahawia ni matokeo ya joto hilo. Fyuzi haitakatika, kwa kuwa mkondo umepungua badala ya kuongezeka.

Swichi za ulinzi na kishawishi cha kuzipita

Klachi isiposhika, fundi mwenye haraka huunganisha waya mbili za swichi ya mgandamizo kwa kipande cha waya. Klachi hushika, mteja huondoka. Kitendo hiki, ambacho mafundi hukiita kupiga daireki, ndicho kinachoharibu kompresa nyingi ambazo baadaye huhesabiwa kuwa zimekufa kwa uzee. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikivuja, mafuta hayarudi kwa kiasi kinachotosha. Swichi iliyofunguka haikuwa na ugonjwa, ilikuwa inatoa taarifa.

Kabla ya kuishuku swichi hiyo, mgandamizo wa mfumo uliopumzika hupimwa kwa geji. Kwa joto la nyuzi 30, mfumo ambao bado una R12 ya kimiminika utaonesha takriban bari 6.4 juu ya mgandamizo wa hewa. Uliobadilishwa kuwa R134a utaonesha karibu bari 6.7. Usomaji huo hauthibitishi kwamba gesi inatosha, kwani mgandamizo hubaki uleule maadamu kuna kimiminika chochote ndani. Unathibitisha tu kwamba swichi ilipaswa kuwa imefunga. Ikiwa haijafunga, hapo ndipo kuipita kwa sekunde chache kunapohalalika, kama kipimo.

Shoti halisi hushughulikiwa kwa njia tofauti. Fyuzi inayokatika mara kwa mara huondolewa, na balbu ya wati 21 huunganishwa mahali pake. Plagi ya klachi huchomolewa. Balbu ikiendelea kuwaka kwa nguvu, umeme unavujia bodi mahali fulani. Waya hutikiswa kipande kwa kipande hadi balbu ibadilike. Ikizimika baada ya plagi kuchomolewa, shaka huhamia kwenye koili au kwenye dayodi ambayo baadhi ya saketi huwa nayo sambamba na koili ili kuzuia cheche swichi zinapofunguka. Dayodi iliyowekwa kinyume huikata fyuzi kila mara, na makosa hayo hutokea hasa pale koili inapobadilishwa. Kuweka fyuzi kubwa zaidi huhamisha tu mahali pa kuungulia, kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya.

Feni ya ziada na swali la rilei

Mbele ya kondensa kuna feni ya umeme ambayo mara nyingi huachwa nje ya uchunguzi kwa kuwa klachi inashika na mlio unasikika. Feni hii ikifa, kiyoyozi hupoza vizuri barabarani na kushindwa gari linaposimama. Mgandamizo hupanda, kompresa huwa nzito, mkanda hulia, na klachi iliyokwisha dhoofika huanza kuteleza na kujiunguza. Kubadilisha klachi pasipo kuipima feni ni kuiandaa klachi mpya kwa mwisho uleule.

Warsha kadhaa huongeza rilei karibu na kompresa ili mkondo mzito upite njia fupi kutoka betri, huku swichi za zamani zikibeba tu mkondo mdogo wa koili ya rilei, ambao kwa kawaida ni chini ya ampea 0.2. Wahifadhi wa magari ya kale hulipinga badiliko hili kwa kuwa linavunja uhalisia wa gari. Pingamizi hilo lina msingi pale waya asilia zinapokatwa. Lakini rilei iliyochomekwa kati ya plagi mbili zilizopo, bila kukata waya, inaweza kuondolewa siku yoyote, na inazipunguzia swichi adimu za W123 mzigo ambao mawasiliano yake yaliyolika hayawezi tena kuubeba. Masharti ya kiufundi ni mawili: njia mpya kutoka betri iwe na fyuzi yake, na koili ya rilei ilishwe na waya uliokwisha kupita swichi zote za ulinzi. Baada ya kufungwa, upotevu wa volti hupimwa tena injini ikiwa na joto la kazi, na usomaji huandikwa pamoja na tarehe katika kumbukumbu za gari, ili atakayelifungua boneti miaka mitano ijayo awe na namba ya kulinganisha.